Mgeni wa Usiku Mmoja: Maisha ya Ibn Battuta na Kuzuru Kwake Mvita

Utangulizi

Miongoni mwa wasafiri wote waliofika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya Wareno, hakuna anayetajwa mara nyingi katika madarasa ya Kiswahili kuliko Ibn Battuta. Jina lake hutajwa kila panapozungumziwa asili ya neno Waswahili, kuenea kwa Uislamu upwani na ukale wa miji ya waungwana. Hata hivyo, mtu mwenyewe hajulikani sana. Wengi humjua kwa sentensi moja au mbili alizosema kuhusu Kilwa, na wachache hukumbuka kwamba Mombasa alilala usiku mmoja tu. Maisha ya msafiri huyu yanastahili kusimuliwa kwa ukamilifu zaidi, kwa sababu thamani ya ushahidi wake kuhusu pwani haiwezi kupimwa bila kujua alikuwa nani, alikuja kutafuta nini, na alisimulia habari zake lini.

Kuzaliwa na Malezi

Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah, aliyejulikana baadaye kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa Tangier, mji wa bandari ulioko kaskazini mwa Moroko, mnamo Februari 1304. Nasaba yake ilikuwa ya Walawata, mojawapo ya makabila ya Waberiberi, na jamaa yake ilikuwa ya watu wa elimu waliotoa makadhi wa madhehebu ya Maliki. Kwa hiyo, kijana huyu alilelewa katika fikihi na Kiarabu cha vitabuni, na ilitarajiwa kwamba naye angeketi siku moja katika kiti cha kadhi. Elimu hiyo haikuwa pana ikilinganishwa na ya wanazuoni wakubwa wa zama zake, lakini ilikuwa sarafu iliyokubalika kila mahali. Katika karne ya 14, mtu aliyejua sheria ya dini na adabu za wanazuoni aliweza kubisha hodi katika mji wowote wa Kiislamu, tangu Andalusia hadi Sumatra, akapata malazi, chakula na pengine kazi.

Mnamo Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliondoka nyumbani peke yake kwenda kuhiji. Wazazi wake walikuwa hai, na kuachana nao kulimtia uchungu ambao hakuusahau hadi uzeeni. Njiani, huko Tunis, aliteuliwa kuwa kadhi wa msafara wa mahujaji. Alioa, akagombana na mkwewe, akaacha, akaoa tena. Alipofika Iskandaria, mcha Mungu mmoja alimbashiria kwamba angefika Bara Hindi, Sindi na Uchina. Tangu hapo safari ya ibada ikaanza kugeuka kuwa maisha ya safari.

Alihiji kwa mara ya kwanza mwaka 1326. Baada ya hapo alizunguka Iraki na Uajemi, kisha akarejea Makka na kukaa huko kwa muda akiwa jirani wa Nyumba Tukufu. Alipoondoka tena alishika njia ya Bahari ya Shamu, akapita Yemen, na hatimaye akafika Aden, bandari iliyojaa matajiri wa biashara ya Bara Hindi. Aden ndiyo iliyomfungulia mlango wa pwani yetu.

Kuelekea Pwani

Wataalamu wengi hukadiria kwamba alisafiri kuelekea kusini mwanzoni mwa mwaka 1331, ingawa wako wanaosema ilikuwa 1329. Liwe liwalo, wakati wa mwaka hauna utata mkubwa. Vyombo vya tanga vilivyotoka Arabuni vilishuka kwa kaskazi, upepo uvumao takriban tangu Novemba hadi Machi, na kurejea kwa kusi baada ya hapo. Msafiri wa zama hizo hakuchagua siku ya kufika wala ya kuondoka. Aliyechelewa pepo alilazimika kungojea miezi mingi.

Kituo chake cha kwanza upande wa Afrika kilikuwa Zeila. Hakupendezwa nacho. Uvundo wa samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni ulimkirihi hata akaona heri kulala chomboni, ijapokuwa bahari ilikuwa imechafuka. Kutoka hapo alisafiri siku 15 hadi Mogadishu, mji aliouona kuwa mkubwa mno, wenye wafanyabiashara wengi na vitambaa vilivyouzwa hadi Misri.

Huko Mogadishu alikutana na desturi iliyomvutia. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikuja kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake, na kuanzia hapo mfanyabiashara huyo akawa mgeni wa nyumba ile, ananunua na kuuza kwa mkono wa mwenyeji wake. Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara. Ilipotambulikana kuwa ni mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, na kwa kadhi akapelekwa kwa mtawala. Alilazwa katika nyumba ya wanafunzi na kulishwa wali wa samli, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na achari ya ndimu na pilipili. Siku ya Ijumaa alipewa mavazi ya heshima. Alieleza pia kwamba mtawala huyo alizungumza lugha ya mji wake, ingawa Kiarabu alikijua. Hilo ni jambo dogo, lakini lina uzito kwa wanafunzi wa lugha, maana linathibitisha kwamba katika mabaraza ya pwani Kiarabu kilikuwa lugha ya kuongezea.

Usiku Mmoja Mvita

Kutoka Mogadishu, nia yake ilikuwa kufika Kilwa. Njiani chombo kilitia nanga Mombasa. Mombasa ya wakati huo haikuwa jiji la reli, gati na malori linalojulikana leo. Kwa maelezo ya mgeni huyu, kilikuwa kisiwa cha miti ya ndizi, ndimu na matunda ya jamii ya balungi. Wenyeji wake hawakulima nafaka bali waliletewa kutoka nchi aliyoiita Sawahil, na chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Ulikuwa mji mdogo wa bandari uliotegemea bahari na jirani zake.

Hakumtaja mfalme yeyote wa Mvita. Mapokeo ya wenyeji yanawakumbuka Mwana Mkisi na Shehe Mvita kuwa ndio wa mwanzo katika utawala wa mji, lakini mgeni hakuandika jina la mtawala, la kadhi, wala la mtu aliyempokea. Hakusema lolote kuhusu majumba au biashara ya mji. Macho yake yalitua msikitini, na huko aliona mengi kuliko inavyotarajiwa kwa usiku mmoja.

Misikiti ya Mvita, alisema, ilijengwa kwa mbao na kwa ustadi mkubwa. Kwenye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, ambavyo kina chake hakikuzidi dhiraa moja au mbili. Maji yalitekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba wenye urefu wa dhiraa moja, chombo ambacho kila mtu wa pwani atakitambua kuwa ni ndugu wa kata. Ardhi iliyozunguka kisima na msikiti ilisawazishwa. Aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akaifuta kwenye jamvi nene lililowekwa mlangoni. Aliyetaka kutia udhu alikishika chombo kile katikati ya mapaja yake, akajimiminia maji mikononi. Watu wote walitembea pekupeku. Aliwasifu kuwa ni watu wa dini, wenye staha na wema, na akabainisha kwamba walifuata madhehebu ya Shafii.

Maelezo haya yamethibitishwa kwa sehemu na magofu yenyewe. Huko Gedi, kaskazini mwa Mombasa, ambako James Kirkman alianza uchimbuzi mwaka 1948, msikiti mkuu una kisima, birika la udhu na mahali pa kusugulia miguu. Ingawa Gedi ilijengwa kwa mawe na Mvita ya Ibn Battuta ilikuwa na misikiti ya mbao, utaratibu ni ule ule: maji mlangoni, miguu safi, kisha ibada. Mtu aliyelala usiku mmoja aliutambua utaratibu huo barabara.

Hata hivyo, mambo mawili katika habari zake za Mvita yanahitaji tahadhari. La kwanza ni umbali. Alidai kwamba kati ya kisiwa hicho na nchi ya Sawahil palikuwa na mwendo wa siku mbili baharini. Kila aliyevuka Likoni au kupita Nyali anajua kwamba kisiwa cha Mvita kimetengwa na bara kwa mkono mwembamba wa maji. Basi, ama alikosea, ama kwake Sawahil lilikuwa jina la sehemu mahsusi ya pwani wala si la pwani nzima. Maana hii ya pili inafikirisha sana. Neno hilo, ambalo kwa Kiarabu ni wingi wa sahil, yaani ufuo au pwani, huenda wakati huo lilikuwa bado halijatanda juu ya watu wote ambao baadaye waliitwa Waswahili.

La pili ni tunda. Alieleza tunda tamu linalofanana na zeituni na lenye kokwa kama yake, akaliita jamun. Wengi wamelifasiri kuwa ni zambarau. Jamun, hata hivyo, ni jina la Bara Hindi, na Ibn Battuta alifika Bara Hindi baada ya kupita Mvita. Yamkini jina alilolisikia kwa wenyeji lilimtoka, na alipotafuta neno miaka mingi baadaye akapata la Kihindi. Neno la Mvita la mwaka huo likapotea hivyo, na hakuna namna ya kulirudisha.

Kilwa na Ukarimu Wenye Kivuli

Asubuhi alisafiri kuelekea Kilwa. Huko alikaa muda wa kutosha kushuhudia sala ya Ijumaa na kuzijua habari za jumba la mtawala. Aliuona mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko yote, ingawa alisema majengo yake yalikuwa ya mbao. Kauli hii imewashangaza wasomi. Uchimbuzi ulioongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulibainisha jumba kubwa la mawe la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na kidimbwi cha pembe nane, na maandishi yaliyopatikana humo yanamtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ndiye yule yule aliyempokea Ibn Battuta. Pengine alichokumbuka ni nyumba za watu wa kawaida, au pengine kumbukumbu yake ilichanganya mji mmoja na mwingine. Magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yanabaki kuwa shahidi wa upande wa pili.

Sultani huyo alipewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi, kwa sababu ya ukarimu wake. Masharifu kutoka Hijazi na Iraki walimwendea, naye aliwatengea sehemu ya tano ya ngawira kama sheria ilivyoagiza. Ibn Battuta alishuhudia fakiri mmoja wa Yemen akimwomba sultani mavazi aliyoyavaa wakati akitoka msikitini. Sultani aliingia ndani, akayavua, akampa. Mwanawe aliyachukua tena kwa fakiri na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani alipoona jinsi watu walivyolisifu tendo hilo, aliamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapa ndipo kimya cha msimulizi kinapoumiza. Watu ishirini waligawiwa kama nguo, na kisa chote kimesimuliwa ili kuonyesha wema wa aliyetoa. Hatuelezwi walikuwa nani, walitoka wapi wala walipelekwa wapi. Ngawira yenyewe ilitoka katika mashambulizi dhidi ya watu wa bara. Ibn Battuta aliyaeleza mashambulizi hayo bila kusita, maana naye alikuwa mtu wa zama zake na maisha yake yote alimiliki na kupewa watumwa. Jicho lililoona kata na jamvi mlangoni mwa msikiti halikuwaona watu hao. Msomaji wa leo analazimika kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja: bila mgeni huyu tungejua machache zaidi kuhusu pwani ya karne ya 14, na pwani anayotuonyesha ni ile iliyoonekana kutoka barazani pa wakubwa.

Miaka ya Kuzunguka na ya Kurejea

Kutoka Kilwa alipanda chombo kwenda Dhofar, wala hakurudi tena Afrika Mashariki. Habari za pwani, hata hivyo, ziliendelea kumfikia, kwa kuwa alijua kwamba sultani yule mkarimu alifariki na kurithiwa na nduguye Daud, ambaye alikuwa kinyume chake kwa utoaji. Habari za namna hiyo zilisafiri kwa pepo zile zile zilizobeba pembe na nguo.

Miaka iliyofuata ilimpitisha Anatolia, nyika za Wamongolia na Konstantinopoli, hadi Delhi, ambako Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi. Mnamo 1341 alitumwa kuwa balozi Uchina, lakini dhoruba iliangamiza vyombo vya ujumbe huo huko Calicut. Alikuwa kadhi katika visiwa vya Maldivi, akapanda mlima wa Adamu huko Sri Lanka, akaendelea hadi Sumatra na, kwa maelezo yake, Uchina. Njiani alinyang'anywa na maharamia kila alichokuwa nacho.

Aliporejea Mashariki ya Kati mwaka 1348 alikuta tauni ikifyeka miji. Huko Dameski aliarifiwa kwamba baba yake alikuwa amefariki miaka 15 iliyopita. Alipokaribia nyumbani mwaka uliofuata, alipata habari kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni hiyo. Aliyekuwa mgeni wa kila mji alifika kwao akakuta hakuna wa kumpokea. Baada ya hapo alizuru Andalusia, kisha akavuka jangwa la Sahara hadi dola la Mali mwaka 1352.

Kusimulia Habari

Mwaka 1354 Sultani Abu Inan wa Fez aliamuru habari zake ziandikwe. Kazi hiyo ilipewa Ibn Juzayy, mwandishi hodari kutoka Granada. Ibn Battuta alisimulia, na mwenzake akaandika, akapanga na kupamba. Masimulizi yalikamilika Desemba 1355. Kwa hiyo, kati ya usiku wa Mvita na siku ya kuusimulia ilipita takriban miaka 24, na katika miaka hiyo msimulizi alikuwa amepoteza mali, vyombo na baadhi ya maandishi aliyoyanukuu safarini.

Wahakiki wamekionyesha kitabu hicho kasoro zake. Baadhi ya maelezo ya Dameski, Makka na Madina yalichukuliwa kutoka kwa Ibn Jubayr, msafiri wa karne ya 12, na sehemu ya Uchina imetiliwa shaka na wengi. Lakini habari za Mvita zina sura nyingine. Al-Idrisi, aliyeandika mwaka 1154, aliijua pwani hii kwa kusikia tu, naye aliandikia Sisilia bila kufika. Ibn Battuta anapoeleza jinsi mtu alivyokishika chombo cha maji katikati ya mapaja, anaeleza jambo ambalo mtu halitungi kwa faida yoyote. Huo ni ushahidi wa aliyesimama kisimani.

Baada ya kitabu kukamilika, Ibn Battuta aliteuliwa kuwa kadhi nchini kwake, akaishi kwa utulivu hadi alipofariki mnamo 1368 au 1369. Kitabu chake hakikujulikana sana nje ya Maghribi kwa karne kadhaa, mpaka kilipochapishwa kikamilifu Paris, pamoja na tafsiri ya Kifaransa, kati ya 1853 na 1858. Wakati huo Mvita aliyoizuru ilikwisha kuchomwa moto na Wareno mwaka 1505, ikajengwa upya na kubadilisha watawala zaidi ya mara moja.

Hitimisho

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa historia ya Waswahili, mgeni huyu alikuja na dawa kidogo, nayo imetumika sana. Alituachia jina la nchi ambalo baadaye lilikuwa jina la lugha, madhehebu ya watu, chakula chao na maji ya mlangoni mwa misikiti yao. Hakutuachia neno hata moja la lugha yao.

Upungufu huo hauwezi kuzibwa na mgeni mwingine. Kilichobaki kimo katika magofu, katika tenzi zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu, katika majina ya mitaa na visima, na katika vinywa vya wazee wa Mombasa, Lamu, Pate na Kilwa. Ibn Battuta alikaa Mvita usiku mmoja akaona aliyoyaona. Wanafunzi wa Kiswahili hawabanwi na msimu wa kaskazi wala kusi. Wao wanaweza kukaa zaidi, na kumwuliza mwenyeji jina la tunda kabla halijasahauliwa.